Mzizi Ambao Hakuna Aliyeuona

Mti ukikatwa Mikese, kila kipande chake kina mwenyewe kabla hakijafika chini. Matawi yanasubiriwa na wachoma mkaa, gogo limeshapimwa kwa macho na mwenye msumeno wa mashine, majani yanaliwa na mbuzi wa jirani. Kinachobaki bila mwenyewe ni kisiki. Hakuna anayekiomba, hakuna anayekiiba. Ndicho kipande pekee cha mti ambacho unalipa ili kiondoke, na malipo hayo yamenifikirisha kwa muda mrefu juu ya swali moja: watu wawili wakipatana bei ya kazi ambayo wote wawili hawaujui ukubwa wake, kisha kazi ikazidi, nani abebe kilichozidi?

Kisiki ninachokisema kilikuwa cha mwembe, nyuma ya nyumba ya mama yangu mkubwa, upande wa pili wa reli ya zamani. Mikese iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, na chumba chenye bati na sakafu hakikosi mpangaji. Mama mkubwa alitaka kuongeza chumba kimoja, na sehemu pekee iliyobaki uani ilikuwa pale kwenye kisiki. Fedha yake ilikuwa imeshagawanywa katika daftari: matofali, saruji, bati, misumari, fundi. Kwa ajili ya kisiki ilibaki shilingi 30,000. Si mwajiri tajiri ninayemzungumzia hapa. Ni mama anayekaanga maandazi saa kumi alfajiri, na kila shilingi aliyoiandika kwenye lile daftari alikuwa ameichoma vidole kuipata.

Kiswahili kina neno moja, *rahisi*, kwa kitu kisicho na bei kubwa na kwa kitu kisicho na ugumu. Kwenye kisiki maana hizo mbili zinaachana. Nilizipitia njia zote za bei ndogo, na katika kila moja niliukuta ugumu ukiwa palepale, ila umehamishiwa kwa mwingine. Unaweza kukichoma: unachimba pembeni, unajaza mkaa, unawasha na kuacha kifukute kwa siku kadhaa. Moshi unakuwa wa jirani, na moto unaweza kutembea chini kwa chini ndani ya mzizi mkavu ukatokea usipoutarajia. Unaweza kukitoboa na kujaza chumvi. Kisiki kitakufa, na udongo utaumia nacho. Atakayetaka kupanda mchicha hapo baadaye ndiye atakayelipa. Unaweza kuwaachia mchwa, ambao hawadai hata senti, ila wakimaliza kisiki hawarudi kwao, wanapanda kwenye mbao za paa. Unaweza kusubiri kioze chenyewe, lakini kisiki cha mwembe hakina haraka ya kufa, na mara nyingi kinachipua kukuonyesha hivyo. Katapila lingemaliza kazi kabla ya chai kupoa, ila gharama ya kulifikisha tu ingemeza bajeti yote.

Ikabaki njia ya mtu mwenye jembe, sululu, mtaimbo na shoka. Hii nayo ni rahisi, kwa maana moja tu.

Kijana aliyekuja tulimjua kwa sura, ni wa hapohapo. Alimwamkia mama mkubwa, akakizunguka kisiki mara mbili, akakigonga kwa kisigino cha shoka, akafukua kidogo kwa mguu. Akasema siku mbili. Alianza na 35,000, mama mkubwa akaanza na 25,000, wakapatana 30,000, fedha itolewe kisiki kikitoka. Wala hawakugombana. Kupatana kwetu ni kukubaliana bei, na pia ni kuelewana, kama tunavyosema fulani na fulani hawapatani. Siku ile walipatana kwa maana zote mbili.

Ilikuwa Septemba, udongo umekauka na kukakamaa. Kazi yenyewe ina mpangilio wake: unachimba mfereji kuzunguka kisiki, unaikata mizizi ya pembeni mmoja mmoja, unaingia chini yake hadi kwenye mzizi mkuu, unaukata, kisha unakiinua kwa mtaimbo. Shoka linalokata mzizi linakata na mchanga, kwa hiyo kila baada ya muda unasimama kulinoa. Siku ya pili jioni mizizi ya pembeni ilikuwa bado haijaisha. Siku ya tatu aliingia chini na kukuta mizizi mikuu miwili. Kokwa moja la embe linaweza kuotesha miche zaidi ya mmoja, na inaelekea huu haukuwa mwembe mmoja, bali miwili iliyokua imekumbatiana tangu utotoni hadi ikawa na gome moja. Kwa juu kisiki kimoja. Kwa chini, viwili. Siku ya nne mpini wa shoka ulivunjika, akaenda kutafuta mwingine kwa fedha yake. Siku hiyo ndiyo aliyoomba aongezewe. Kisiki kilitoka siku ya sita.

Mjomba wangu, ambaye kwetu Waluguru neno lake katika mambo ya ukoo si la kupuuzwa, alikuwapo alipoomba. Alijibu kwa upole kabisa: "Mapatano ni mapatano, mwanangu. Kisiki kingetoka kwa nusu siku, ungerudisha chenji?"

Nimelipima swali lile mara nyingi, kwa sababu si la kijinga. Linasema kwamba bei ya mkupuo ni kamari iliyo sawa kwa pande zote. Leo imekuumiza, kesho ingekufaidi. Ukitaka malipo ya siku, omba ya siku. Na sheria, kwa mtazamo wa haraka, iko na mjomba. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo imejengwa juu ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, inasema makubaliano ni batili pale pande zote mbili zinapokosea kuhusu jambo la msingi la makubaliano hayo. Lakini inaongeza kwamba kukosea kukadiria thamani ya kitu hakuhesabiwi kuwa kukosea kuhusu jambo lenyewe. Sasa hawa wawili walikosea nini? Kama walidhani mti ni mmoja na kumbe ni miwili, hilo ni jambo. Kama walidhani ni siku mbili na kumbe ni sita, hayo ni makadirio. Wanasheria wawili wangeweza kubishana hadi usiku, na hakuna atakayewalipa, kwa kuwa kisiki cha 30,000 hakifiki mahakamani.

Kwa hiyo niliacha sheria nikaitazama hiyo kamari yenyewe. Je, ni kweli iko sawa? Kisiki kingekuwa chepesi kuliko walivyodhani, kijana angeokoa siku moja, labda moja na nusu. Hakuna namna ya kuokoa zaidi ya hapo, kwa sababu alikadiria siku mbili tu. Kikiwa kigumu, hakuna kikomo: siku nne, sita, kumi. Faida yake ina dari, hasara yake haina sakafu. Kwa upande wa mama mkubwa, chochote kitakachotokea chini ya ardhi, anatoa 30,000 ileile. Mjomba alilinganisha vitu viwili visivyolingana.

Halafu kuna suala la kuondoka. Kijana angeweza kuacha siku ya tatu. Lakini malipo yalikuwa ya kisiki kilichotoka. Kisiki kilichochimbwa nusu hakina bei. Kila siku aliyoongeza ilimfanya ashindwe zaidi kuiacha, maana angekuwa anaziacha na zile zilizotangulia. Jambo hili si geni Morogoro. Katika mashamba ya mkonge ya enzi za ukoloni, mfanyakazi alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulitoka kadi ikijaa. Siku ambayo hukumaliza kipimo ulichopangiwa haikuandikwa. Mtu mwenye alama 22 kwenye kadi alikuwa amefanya kazi siku 22 na bado hakuwa na haki ya kudai mshahara wake. Kadi hizo zimepita, lakini mantiki yake tumeibakiza katika kazi ndogondogo za uani bila hata kuandika kadi.

Fiqhi ya Kiislamu ililiona tatizo hili zamani. Ina neno *gharar*, yaani biashara ya kitu kisichojulikana, na mfano wake maarufu ni kumuuzia mtu samaki aliye bado majini. Mauzo ya namna hiyo yanakatazwa. Lakini wanazuoni waliona pia kwamba zipo kazi ambazo haziwezi kupimwa kabla ya kuanza, kama kumtafuta mnyama aliyepotea, wakaziruhusu kwa mkataba wa ahadi ya ujira unaoitwa *ju'ala*. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na bara letu, mfanyakazi akiiacha kazi hiyo njiani hapati kitu. Mwenye kazi akiivunja wakati imeshaanza, anadaiwa ujira wa mfano, yaani kile ambacho kazi kama ile hulipwa mahali pale. Sisemi kwamba kanuni hiyo inamaliza suala la mwembe wetu, na kwa neno lake la kwanza inamuumiza kijana. Ninachochukua kwake ni kipimo. Tukishindwa kujua bei ya kisichoonekana, tunaweza angalau kuuliza kazi ya namna hii hulipwa kiasi gani hapa kwetu.

Na kuna watu waliosamehewa mizizi wasiyoiona. Reli iliyo karibu na nyumba ya mama mkubwa, ambayo Wajerumani waliifikisha Morogoro mwaka 1907, ndiyo iliyopitisha shehena za mpango wa karanga kwenda Kongwa kuanzia mwaka 1947. Serikali ya Uingereza ilihitaji mafuta ya kula baada ya vita. Ilituma tume ya watu watatu iliyoongozwa na John Wakefield, ambayo mwaka 1946 ilizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ikitazama nchi kwa ndege, kisha ikapendekeza kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwaka wa kwanza zilipangwa ekari 150,000. Kuangusha pori hakukuwa tatizo kubwa; walifikia hadi kufunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili na kulivuta lote. Tatizo lilikuwa chini. Mizizi ilivunja na kupinda vyuma vilivyotengenezwa kuing'oa, na kiangazi udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama zege. Karanga za msimu wa kwanza hazikufikia hata ekari 10,000. Mapema mwaka 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 hivi zikaandikwa hasara.

Sikumbushi habari hii ili kuwacheka. Walikadiria kutoka juu, kama kijana wetu alivyokadiria kwa kukizunguka kisiki mara mbili, na kwa kweli yeye alikitazama kwa karibu zaidi kuliko wao. Tofauti iko katika kilichofuata. Hasara ya Kongwa iliwaangukia walipa kodi wa Uingereza, na Wagogo walioachiwa ardhi iliyochubuliwa. Hakuna mkadiriaji aliyeambiwa mapatano ni mapatano, chukua shoka umalize ekari zako. Ikiwa kosa la makadirio lina karatasi, kamati na mhuri, linaitwa hasara na linagawanywa. Likiwa la mtu mwenye shoka moja, linaitwa uzembe wake wa kupatana.

Hapo mtu anaweza kuruka moja kwa moja akasema basi alipwe siku zote sita kwa bei ya siku mbili za mwanzo, yaani 90,000. Hapana. Hiyo ingekuwa kuugeuza mzigo wote na kumtwika mama anayehesabu saruji, ambaye naye hakuuona mzizi. Tufanye hesabu kwa utaratibu. Kibarua cha kuchimba pale kilikuwa kinalipwa shilingi 8,000 kwa siku. (Kima cha chini cha sekta ya kilimo katika amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 kilikuwa 140,000 kwa mwezi, yaani kama 5,400 kwa siku ukigawa kwa siku 26, kwa hiyo 8,000 haikuwa bei ya kifahari wala ya dhuluma.) Walipopatana 30,000 kwa siku mbili, tayari ndani yake mlikuwa na nyongeza ya ugumu na ya bahati mbaya. Fedha ile inatosha karibu siku nne za kibarua. Hadi siku ya nne, basi, mjomba yuko sahihi: kijana alikuwa amelipwa ili abebe mshangao wa kawaida. Baada ya hapo si mshangao wa kawaida tena. Siku sita kwa 8,000 ni 48,000. Kilichozidi ni 18,000. Hakuna aliyedanganya, wote walikosa kuona kitu kilekile, basi wakigawane nusu kwa nusu: 9,000 kwa kila mmoja.

Siku ya sita jioni mama mkubwa alimpa kijana zile 30,000. Kisha akafungua fundo la khanga akatoa noti nyingine ya 10,000, akaikunja, akasema, "Na hii ni asante yangu, mwanangu." Kijana aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Nashukuru sana, mama. Mungu akuzidishie."

Kwa hesabu yangu, kiasi kilikuwa sahihi, tena kimezidi kwa elfu moja. Mama mkubwa, bila kalamu, aliifikia haki kwa mkono kuliko mimi kwa aya zote hizi. Kinachonisumbua ni jina alilolipa fedha ile. Aliiita asante, na ilikuwa deni.

Unaweza kuniuliza: kama fedha ni ileile, jina lina kazi gani? Nadhani lina kazi tatu. Ya kwanza ni kwamba asante haidaiwi. Kijana alipoomba nyongeza siku ya nne, aliomba kama mtu anayeomba fadhila, macho chini, na mjomba alimjibu kama mtu anayekataa fadhila. Lau wote wangejua kuna kiasi fulani ambacho ni chake, mazungumzo yangekuwa ya hesabu, na mtu hapigi goti kwa hesabu. Ya pili ni kwamba asante inategemea moyo wa mtoaji. Nyumba ya tatu kutoka hapo, kisiki kilekile, mzizi uleule, angeweza kukuta moyo mwingine.

Ya tatu inamhusu mama mkubwa mwenyewe, na ndiyo tunayoisahau. Deni lina kikomo, fadhila haina. Anayedaiwa 9,000 akilipa 9,000 amemaliza, anaweza kumtazama mtu usoni. Anayetegemewa fadhila hawezi kujua lini ametoa ya kutosha, na kama hana, anaonekana mchoyo, hata kama alichokosa ni fedha tu. Tunapozungumza kuhusu haki ya vibarua tunapenda kufikiri kwamba mwajiri yuko upande wa pili wa mji, ana geti na mbwa. Sehemu kubwa ya kazi za kibarua nchini hii inatolewa na watu wenye madaftari kama la mama mkubwa. Kuwaambia wawe wakarimu ni kuwaongezea gharama isiyo na mwisho. Kuwaambia wanadaiwa nusu ya kilichozidi ni kuwapa kitu wanachoweza kukiandika kwenye daftari.

Nilimweleza mama mkubwa haya yote, naye akasikiliza huku anachekecha unga. Akasema kwamba neno asante ni la heshima, na kumwambia mtu "hili ni deni lako" kunafanya ionekane kama mligombana. Ana hoja. Lugha yetu ya uani imejaa upole, na upole huo umezuia ugomvi mwingi. Lakini naona pia kwamba upole uleule ndio unaotufanya tusiseme mapema kile ambacho lazima kisemwe. Hatutaki kuharibu mapatano kwa kutaja mabaya, kwa hiyo tunapatana juu ya kisiki na kuuacha mzizi bila kuutaja.

Inawezekana kuutaja bila kukosa adabu. Aje mtu na shoka lake, umwambie: chimba nusu siku upande mmoja, nikulipe nusu siku, shilingi 4,000, hata tusipoendelea. Kisha tukae wote wawili kwenye ukingo wa shimo, tutazame kilicho chini, ndipo tutaje bei. Na tuseme palepale: yakitokea ambayo hata sasa hatuyaoni, kitakachozidi tutagawana. Shilingi 4,000 ni fedha kwa mtu anayehesabu mifuko ya saruji, najua. Kwa fedha hiyo anapata kujua anachokipatana, na anayechimba anapata kusikia, kabla hajachoka, kwamba mzizi usioonekana si wake peke yake.